Hurricane ya Dinky yenye malengelenge, na rafu ya vita vya Afrika Mashariki

Rafu_ya_Winam (Kisumu) aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Nimekuwa nikikusanya modeli za chuma za ndege za kivita za Vita vya Pili vya Dunia bila mpango wowote wa maana. Kabatini nina Spitfire ya Corgi ya skeli ya 1:72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi) na P-51 Mustang ya Franklin Mint ya skeli ya 1:48, ambazo nilizinunua kwa watu waliokuwa wakihama, na kilichozikutanisha ni kwamba zilinipendeza tu. Hivi karibuni nilipita soko la Kibuye nikaona, katikati ya pasi za makaa na redio zisizolia, Hurricane ya zamani ambayo mwenye meza alikuwa akiiuza kama mchezo wa mtoto. Tumboni imeandikwa Dinky Toys, Hawker Hurricane Mk IIc, na kwamba imetengenezwa Uingereza. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni karibu sentimita 19. Rangi yake ni ya kahawia na kijani, imekwaruzika lakini ni ile ya kiwandani, na panga moja la rafadha limevunjika.

Nilipoifuta vumbi niliona kwamba juu ya bawa la kushoto, karibu na linapoungana na kiwiliwili, rangi imeinuka ikafanya malengelenge madogo kama punje za wimbi, na moja lilipopasuka lilitoa unga mweupe. Nimesoma kwamba modeli za zamani huugua uozo wa zinki ambao hauna dawa. Je, hayo ndiyo niliyo nayo? Na je, ni salama kuiweka pamoja na zile nyingine mbili, au itaziambukiza?

Swali la pili ni la mpango wenyewe. Ningependa rafu moja ihusu ndege zilizopigana hapa kwetu, katika vita vya Waingereza na Waitalia vya 1940 na 1941, badala ya kuendelea kuokota chochote ninachokutana nacho. Sitaki nyingi, nne au tano zinanitosha, na nimetenga shilingi 30,000 za kuanzia. Je, Hurricane hii inaweza kuwa ya kwanza? Na je, Spitfire na Mustang zina nafasi hapo, au zitakuwa wageni wasioalikwa?

FundiKalibu (Kakamega) alijibu:

Ndugu wa Winam, mimi kazi yangu ni kumimina alumini na shaba, kwa hiyo nitajibu la chuma na kuwaachia wengine la historia.

Nianze na hilo la kuambukiza, kwa kuwa ndilo linalowatia watu hofu bure. Uozo wa zinki hauhami kutoka modeli moja hadi nyingine. Chanzo chake kimo ndani ya chuma chenyewe tangu siku kilipomiminwa. Modeli hizi hutengenezwa kwa aloi ya zinki iitwayo zamak, ambayo ni zinki iliyochanganywa na takribani asilimia 4 ya alumini, magnesi kidogo sana, na mara nyingine shaba. Aloi hiyo ni imara ikiwa zinki ni safi, lakini risasi, bati au kadimi ikiingia humo, hata kwa kiasi kidogo mno, hujikusanya kwenye mipaka ya chembechembe za chuma, na unyevu wa hewa ukipenya huko chuma huanza kuliwa kutoka ndani. Kinachotokea ni kwamba chuma kinavimba. Ndiyo maana New Jersey Zinc Company, ilipoitoa zamak mwaka wa 1929, ilitumia zinki yenye usafi wa asilimia 99.99. Viwanda vya michezo vya wakati ule havikuwa na nidhamu hiyo daima. Mabaki ya risasi yakirudi chunguni pamoja na zinki, basi kundi zima la modeli limeharibika kabla hata halijapakwa rangi. Modeli za Dinky za kabla ya vita zinajulikana sana kwa tatizo hilo. Yako ni ya miaka ya 1970, kwa hiyo uwezekano ni mdogo zaidi, ingawa haupaswi kuchukuliwa kuwa haupo.

Sasa, namna ya kujua. Malengelenge peke yake hayatoshi kuhukumu. Geuza modeli uangalie mahali ambapo rangi haikufika, hasa ndani ya mashimo ya magurudumu na kwenye ukingo ambapo nusu ya juu inakutana na nusu ya chini, na utumie kioo cha kukuzia huku mwanga ukitoka ubavuni. Uozo wa kweli huonekana kama utando wa nyufa nyembamba zinazokatana, kingo za nyufa zikiwa zimeinuka kidogo, na mara nyingi ule mwungano unakuwa umeachana au bawa limepinda bila kugongwa. Ukikuta chuma cha chini ni laini na kizima, na unga mweupe uko tu kati ya chuma na rangi, basi hiyo ni kutu ya juu ya zinki iliyoletwa na unyevu na jasho la vidole. Kwa ndege iliyokaa kando ya ziwa kwa miaka bila kabati, hiyo ya pili haishangazi hata kidogo.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakidanganyi. Tafuta kalipa ya venia, yaani kile chombo cha kupimia unene kwa usahihi, pima unene wa bawa mahali panapoinuka na pia upana wake, andika namba hizo na tarehe, kisha uiweke mahali pakavu na upime tena baada ya miezi kadhaa pale pale. Kutu ya juu haiongezi unene wa chuma. Uozo huongeza. Namba zikibaki zilivyo, tulia.

Kuhusu kabati, watu hujali mlango wa kioo wakasahau kilicho ndani. Ukimpa seremala kazi hiyo, mwambie asikuundie kwa mbao mbichi wala kwa zile mbao za unga wa kubanwa bila kuzifunga kwa vanishi pande zote, kwa kuwa hutoa mvuke wa asidi, na zinki haipatani na asidi. Silikoni ya kubandikia vioo nayo, ile inayonuka kama siki, hutoa asidi hiyo hiyo inapokauka. Acha kabati wazi mpaka harufu iishe kabisa ndipo uingize modeli. Weka vifuko vya silika kila rafu na uvikaushe vikishiba unyevu. Shika modeli kwa glavu za pamba, au nawa mikono kwanza. Vumbi litoke kwa brashi laini ya kujipodolea, na usipake mafuta ya aina yoyote, kwa sababu hukusanya vumbi na kulainisha nembo zilizobandikwa.

MwalimuLanet (Nakuru) alijibu:

Nampongeza FundiKalibu kwa maelezo hayo. Nami nitajibu swali la pili, na nitaomba uvumilivu kwa sababu jibu fupi litakupotosha.

Jibu la haraka kuhusu ndege zako mbili za kwanza ni kwamba hazimo. Spitfire haikushiriki vita vya Afrika Mashariki, na Mustang ilikuwa haijaanza kupigana popote. Mustang yako vilevile itakusumbua kwa sababu ya skeli. Ndege yenyewe ilikuwa na mabawa ya mita 11.28, yaani pungufu ya Hurricane kwa karibu mita moja, lakini kwa 1:48 modeli yake ina sentimita 23.5, ilhali Hurricane ya 1:72 ina sentimita 16.9 tu. Ukiziweka sambamba, mgeni atadhani Hurricane ilikuwa kitoto cha Mustang. Ikiwa Mustang hiyo ni ile yenye mkia mwekundu, ya Kundi la 332 la marubani Wamarekani weusi waliorukia Italia, ipe rafu yake peke yake na inastahili. Kama siyo, pia haina ubaya, ila si hapa.

Ama Hurricane yako ya Dinky, ina matatizo mawili kwa kazi unayoikusudia. La kwanza ni skeli. Dinky waliitengeneza kwa 1:65, na ndiyo maana umepata karibu sentimita 19. Haitalingana na chochote utakachonunua cha 1:72. La pili ni kubwa zaidi. Tazama mbele ya mabawa: utaona mizinga minne iliyochomoza, miwili kila bawa. Hiyo ni Mk IIC (Mk ni kifupi cha Mark, yaani toleo), yenye mizinga ya milimita 20. Hurricane zilizopigana hapa mwaka wa 1940 na 1941 zilikuwa Mk I, ambazo zilibeba bunduki nane za Browning zilizofichwa ndani ya mabawa, nne kila upande, na kutoka mbele huonekana matundu tu. Unaponunua modeli, anza kuangalia hapo kabla ya rangi wala nembo. Kisha angalia nusu ya nyuma ya kiwiliwili: Hurricane halisi ilifunikwa huko kwa turubai juu ya fremu, hivyo modeli nzuri huonyesha mistari ya mbavu ikipita kwa urefu, na modeli mbaya huwa laini kama sabuni.

Sasa vita vyenyewe. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na mwezi huo huo ndege zake zilidondosha mabomu Wajir. Mwezi wa Julai Waitalia wakaitwaa Moyale. Mwanzoni mwa 1941 majeshi yaliyokuwa Kenya yakavuka mpaka, Mogadishu ikaanguka tarehe 25 Februari na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Wengi wa marubani wa ndege za kivita upande huu walikuwa wa Jeshi la Anga la Afrika Kusini, na ndege yao bora ilikuwa Hurricane Mk I. Kwa hiyo ya kwanza kwenye rafu yako ni hiyo, na ikiwezekana iwe na alama za Skwadroni ya 3 ya Afrika Kusini. Tarehe 15 Machi 1941, huko Dire Dawa, Ethiopia, Kapteni Jack Frost wa skwadroni hiyo alilazimika kutua kwenye uwanja wa adui baada ya ndege yake kupigwa. Luteni Bob Kershaw akatua karibu naye huku risasi zikivuma, Frost akapanda wakabanana katika kiti cha mtu mmoja, wakaruka pamoja. Ukitazama ndani ya chumba cha rubani cha modeli ya 1:72, utaona jinsi kiti kile kilivyo finyu, na utaelewa kwa nini Kershaw alipewa DSO, nishani ya kijeshi ya Uingereza.

Mpinzani wake lazima awepo, la sivyo rafu haina hadithi. Huyo ni Fiat CR.42, ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, ambayo kwa 1:72 ina sentimita 13.5 tu. Ilionekana ya kizamani lakini ilikuwa nyepesi na hodari wa kugeuka, na marubani wake hawakuwa watu wa kudharauliwa: Mario Visintini aliangusha ndege nyingi akiitumia huko Eritrea, mpaka alipogonga mlima karibu na Nefasit mwezi wa Februari 1941 na kufa. Kwa upande wa Sudan na Eritrea ndege ya Waingereza iliyokabiliana sana na CR.42 ni Gloster Gladiator, nayo pia ya mabawa mawili. Corgi wamewahi kutoa Gladiator na CR.42 kwa 1:72, na nikiambiwa nichague mbili tu kwa bajeti yako, ningechukua Hurricane Mk I na CR.42 kwanza, nikaisubiri Gladiator.

Ya nne nitaipendekeza kwa upendeleo wa nyumbani. Tangu 1941 Waingereza walikuwa na kituo hapa Nakuru cha kuwafunza marubani wa Bristol Blenheim, na kabla ya hapo Blenheim zilikuwa zimeshiriki vita hivyo vya Wataliano. Kimsingi ni ndege ya mabomu, ingawa kulikuwa na aina iliyogeuzwa kuwa ya kivita kwa kufungiwa bunduki tumboni. Kwa 1:72 mabawa yake yanakaribia sentimita 24, kwa hiyo pima kabati kwanza.

Kuna jambo moja ningekuomba ulifikirie. Wazee wa Nyanza na Magharibi waliovaa sare za King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, hawakuishia Ethiopia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani huko Burma (Myanmar ya leo), ikateremka bonde la Kabaw wakati wa masika ya 1944, na kufika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi wa Desemba. Na huko Burma, ndege iliyokuwa ikiwasaidia askari wa nchi kavu kwa mizinga na mabomu ni pamoja na Hurricane Mk IIC. Yaani ile ya Kibuye, ambayo haifai Ethiopia, ni aina iliyoruka juu ya vichwa vya askari wetu Burma. Ukitaka rafu ya pili, umeshapata pa kuanzia, na jirani yake awe P-47 Thunderbolt yenye alama za Waingereza, kwa kuwa Waingereza waliitumia Thunderbolt kivita huko Mashariki tu. Utaitambua modeli sahihi kwa nembo za mviringo zenye buluu mbili pasipo nyekundu. Rangi nyekundu iliondolewa ili mtu asiichanganye na jua jekundu la Wajapani.

Nzoia_Modeli (Bungoma) alijibu:

Ikiwa Mwalimu amesema kweli kuhusu Burma, na sina shaka naye, kwa nini basi ndugu yetu asiikwangue hiyo Dinky mpaka kwenye chuma, aitibu ile kutu, kisha aipake upya kwa rangi na nembo za Burma? Imekwaruzika tayari na rafadha imevunjika. Kwa gharama ya makopo mawili ya rangi angepata ndege ya rafu ya pili bila kuagiza chochote.

FundiKalibu (Kakamega) alijibu:

Nzoia, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Kiwanda cha Dinky cha Binns Road, Liverpool, kilifungwa mwaka wa 1979, na rangi ile iliyokwaruzika ndiyo ushahidi pekee wa mikono iliyoipaka. Mkusanyaji mwingine akiiona imepakwa upya ataihesabu kuwa mwili tu wa kutolewa vipuri. Isitoshe, kikwangulio chochote cha kemikali kikiachwa kwenye mwungano wa bawa kitaendelea kula zinki chini ya rangi mpya, na malengelenge yatarudi yakiwa makubwa zaidi. Mwenye hamu ya kupaka rangi anunue modeli ya plastiki ya kuunganisha, ambayo Hurricane IIC zake zinapatikana kwa 1:72, afurahie kazi yake kwa amani. Hii isafishwe unga uliotoka, ikaushwe, iachwe.

Rafu_ya_Winam (Kisumu) alijibu:

Nawashukuru nyote, na hasa Mwalimu, kwa kuwa sikuwahi kuihusisha ndege ile na Burma. Nimeigeuza na kuitazama kwa kioo cha kukuzia kama nilivyoelekezwa. Ndani ya mashimo ya magurudumu chuma ni cha kijivu, laini, bila ufa, na mwungano haujaachana popote. Vipimo nimeviandika na modeli nimeitia katika kisanduku chenye vifuko vya silika. Sitaipaka rangi.

Nimekubali kuanza na Hurricane Mk I na CR.42. Nimeona muuzaji wa Uingereza mwenye zote mbili, moja ikiwa mpya na nyingine ikiwa imeshawahi kufunguliwa lakini ina boksi lake. Sijawahi kuagiza kitu kutoka nje. Kuna mwenye uzoefu wa forodha anayeweza kuniambia nitarajie nini? Rafiki yangu mmoja alilipishwa kiasi kilichokaribia bei ya kitu chenyewe na hakuelezwa kwa nini.

Wakala_Mpakani (Busia) alijibu:

Kwa kuwa kutoa mizigo ndiyo riziki yangu, nitasema kidogo. Modeli za skeli, ziwe za kuchezea au za kukusanya, huangukia kifungu cha 9503 cha ushuru, pamoja na michezo ya watoto. Hata ukisema ni kitu cha kihistoria, haihamishwi kwenda kifungu cha vitu vya kale. Utalipa ushuru wa forodha, kisha VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji na tozo ya maendeleo ya reli. Kinachowashangaza wengi, na huenda ndicho kilichompata rafiki yako, ni kwamba hesabu haianzi kwenye bei ya modeli peke yake bali kwenye jumla ya bei, nauli na bima. Nauli ya haraka ikiwa kubwa, nayo inatozwa. Na VAT inakokotolewa baada ya ushuru kuongezwa, si kabla. Ndiyo sababu nakushauri uzitie zote mbili katika kifurushi kimoja kwa njia ya posta ya kawaida yenye namba ya kufuatilia, badala ya vifurushi viwili vya haraka.

Jambo la pili ni maelezo kwenye fomu. Mwombe muuzaji asiandike tu kwamba ni modeli ya ndege, kwa sababu droni zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na afisa anayesoma karatasi bila kufungua boksi anaweza kuuzuia mzigo akisubiri kibali ambacho wewe huhitaji. Aandike kwamba ni modeli ya chuma ya mapambo, isiyoruka, isiyo na injini wala betri, na ataje skeli. Bei iwe ile ile iliyo kwenye risiti. Muuzaji akijitolea kukuandikia bei ndogo, kataa, kwa kuwa afisa ana haki ya kuikadiria upya na utachelewa kwa wiki kadhaa huku mzigo ukihesabiwa gharama ya ghala.

Mwisho, modeli iliyokwisha kufunguliwa mara nyingi hurudishwa kwenye boksi huku miguu ya magurudumu na rafadha vikiwa havijafungwa vizuri. Mwombe akutumie picha ya vipuri vyote vikiwa vimepangwa mezani kabla hujalipa, na hasa ile miguu ya CR.42 yenye vifuniko, maana ikivunjika njiani utaitafuta mahali pengi kabla ya kuipata.